Nani Aliyetuma? Mwenye Watumwa katika Riwaya, na Usomaji wake kutoka Bukoba na Muleba



Neno mtumwa ni miongoni mwa maneno mepesi kabisa kuyachambua. Lina kiambishi cha ngeli, mzizi wa kitenzi tuma, kinyambuzi cha kutendwa na irabu ya mwisho. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa neno hili, hulikata vipande, hupata alama zake na kusonga mbele. Swali asiloulizwa ni lile ambalo tungo yoyote ya kutendwa hulizusha: mtenda yuko wapi? Ikiwa huyu ametumwa, nani aliyetuma? Sarufi inaruhusu mtenda adondoshwe, na katika neno hili alidondoshwa zamani hata pengo lake halionekani tena. Nomino mtumaji ipo, lakini siku hizi ni jina la mtu anayepeleka barua, kifurushi au fedha kwa simu. Hakuna anayelisikia akamkumbuka mwenye watumwa.

Msamiati wa Kiswahili kuhusu waliomilikiwa ni mpana. Yupo mtwana na yupo kijakazi. Yupo mzalia, aliyezaliwa utumwani pwani, na mshenzi, aliyeletwa karibuni kutoka bara. Yupo suria, mjoli, hadimu, mateka na mtoro. Kila neno lina daraja lake, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903 katika Desturi za Wasuaheli, alizijua daraja hizo kama mtu ajuavyo vyumba vya nyumba yake. Kwa upande wa pili wa uhusiano huo, lugha hutoa maneno ya jumla tu: bwana, mwenyewe, tajiri. Bwana ni mume wa mtu, ni mzee wa heshima, ni mkubwa wa kazini, na katika sala ni Mwenyezi Mungu. Hakuna neno la kila siku linalomtaja mtu kwa sababu hiyo moja tu, kwamba anamiliki binadamu mwenzake. Mmiliki wa watumwa ni kirai cha vitabu vya historia vya shule, hakikuzaliwa majumbani.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kuwa riwaya ya Kiswahili, kwa kiasi kikubwa, imefuata sarufi hiyo. Imemsimulia aliyetumwa kwa kina na huruma. Aliyetuma imemweka mbali, akiwa mgeni, jitu au kivuli. Hasa imesita kumsimulia mwenye watumwa aliye Mwafrika mweusi wa bara, aliyekaa kijiji kimoja na aliowamiliki, akasema lugha yao na kula chakula chao. Ili kuliona pengo hilo vizuri, yafaa kuanzia mbali kidogo, kwenye riwaya moja ya Kimarekani iliyothubutu kuingia katika nyumba ya namna hiyo, kisha kurudi ziwani, Bukoba na Muleba.

Nyumba ya Henry Townsend

Edward P. Jones alizaliwa Washington mwaka 1950. Riwaya yake, The Known World, yaani Ulimwengu Unaojulikana, ilitolewa mwaka 2003. Ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2004 na tuzo ya IMPAC ya Dublin mwaka 2005. Wilaya ya Manchester, jimboni Virginia, ambamo kisa kinatokea, haimo katika ramani yoyote. Mwandishi ameibuni, akaipa hesabu za sensa na wanahistoria wa kubuni wanaobishana juu yake. Jambo lililo kiini cha kisa, hata hivyo, halikubuniwa. Mwaka 1924 mwanahistoria Carter G. Woodson alichapisha orodha ya watu weusi huru waliomiliki watumwa nchini Marekani mwaka 1830, na orodha hiyo ilikuwa na majina zaidi ya 3,000. Wengi wao walimiliki mke, mume au watoto wao wenyewe. Sheria ya Virginia ya mwaka 1806 ilimtaka aliyeachwa huru aondoke jimboni katika muda wa miezi 12, na kwa hiyo mtu aliyemnunua mkewe aliweza kuona heri aendelee kuwa mali yake katika karatasi kuliko ampoteze. Lakini si wote walikuwa wa namna hiyo. William Ellison wa South Carolina, aliyezaliwa mtumwa na kujinunua kwa ufundi wake wa mashine za pamba, alikuwa na watumwa 63 mwaka 1860, na hawakuwa jamaa zake.

Henry Townsend wa Jones anasimama kati ya hali hizo mbili. Baba yake, Augustus, fundi seremala, alijinunua kwanza, kisha akamnunua mkewe Mildred, na mwisho mwana wao. Katika miaka ya kungoja, Henry alibaki kwa William Robbins, tajiri wa kizungu aliyekuwa bwana wao, akawa kijana wake wa farasi na wa viatu. Hapo ndipo riwaya inapoficha jeraha lake. Mtoto amekua akimtazama bwana kila asubuhi, na wazazi akiwaona Jumapili tu. Anapokuwa mtu mzima na huru, anamnunua Moses, kisha wengine, na anapofariki mwaka 1855 anaacha shamba, mjane aitwaye Caldonia, na zaidi ya watu thelathini wasiojua watarithiwa na nani.

Yafaa kutua kwenye tukio moja. Henry anakwenda kwa wazazi wake na kuwaeleza kwamba amenunua mtu. Baba haamini. Anachukua fimbo na kumpiga mwanawe begani, ili ajue, kwa maneno yake, hali ya mtumwa. Mwana anaichukua fimbo, anaivunja, na kujibu kuwa hivyo ndivyo ilivyo hali ya bwana. Hakuna mzungu katika chumba hicho. Jones hamfanyi Henry kuwa shetani wala hamtetei. Anaonyesha kwamba kijana huyu amejifunza ubwana kama alivyojifunza kushona viatu, kwa mtu aliyempenda kwa namna yake, na kwamba alidhani atakuwa bwana mwema kuliko wote aliowaona. Wema huo unashindwa pale pale anapomcheza Moses mieleka na Robbins akawakuta. Robbins anamkanya: sheria itamlinda akiwa bwana, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu asiyeweka mpaka kati yake na mali yake. Henry anaweka mpaka.

Upande wa pili wa sheria hiyo unamfika baba. Augustus, mtu huru, anasimamishwa barabarani usiku na askari wa doria. Mmoja wao anazichukua karatasi zake za uhuru na kuzila. Baada ya hapo Augustus anauzwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hataliona tukio hili kuwa geni. Serikali ya Kijerumani, iliyotawala Tanganyika hadi Vita Kuu ya Kwanza, haikuufuta utumwa kisheria. Ilichofanya ni kutoa hati za uhuru kwa maelfu ya watu, mmoja mmoja, na kutangaza kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Uhuru wa mtu ulikaa katika karatasi. Ufutaji kamili ulikuja mwaka 1922 chini ya Waingereza.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kabla ya kuendelea. Wako wasemao kuwa kumsimulia mwenye watumwa mweusi ni kuwapunguzia wengine mzigo, kwamba ni kusema: hata ninyi mlifanya. Maneno hayo hutumika vibaya, tena mara nyingi, na hofu hiyo si ya bure. Jones analijibu kwa kazi yenyewe. Hakuna ukurasa ambao Henry anasimama peke yake nje ya sheria, soko na mafunzo ya Robbins. Kumweka Henry katikati ya kisa hakumwondoi Robbins. Kunamleta karibu zaidi, hadi ndani ya sauti ya Henry mwenyewe. Anayekwepa kumsimulia Henry ndiye anayemwacha Robbins aonekane kama hali ya hewa, kitu kilichokuja tu na kuondoka.

Bwana wa pwani

Je, katika Kiswahili bwana huyu amesimuliwaje? Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934, kinaeleza safari ya watu waliotekwa bara, wakaokolewa baharini na kuwekwa Freretown karibu na Mombasa. Kina thamani kubwa, maana ni kumbukumbu ya familia za waliotekwa. Lakini muundo wake ni wa pande mbili: mtekaji ni Mwarabu, mwokozi ni Mwingereza, na wahakiki wamelisema hilo kwa miaka mingi. Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, alikwenda hatua nyingine. Kitu kinachobaki akilini mwa msomaji wa riwaya hiyo si ukatili wa Fuad. Ni Kijakazi, mwanamke aliyezeeka katika kumtumikia, ambaye hata baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 moyo wake haupati njia ya kutoka katika nyumba ile. Jina lake si jina. Ni cheo alichopewa, na mwandishi alijua alichokuwa akifanya alipomwacha nalo.

Abdulrazak Gurnah, katika Paradise ya mwaka 1994, anaingia bara. Kijana Yusuf anawekwa rehani kwa deni la baba yake na kufuata msafara wa tajiri Aziz. Riwaya hiyo ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata tuzo ya Nobel, na tafsiri hiyo imekirudisha Kiswahili katika mazungumzo ambayo yalikuwa ya Kiswahili tangu mwanzo. Huko bara msafara unamkuta Chatu, mtawala mweusi ambaye naye ana nguvu za kuteka na kunyang'anya. Gurnah anampa hoja zenye uzito. Lakini tunamwona kwa macho ya wageni, kwa siku chache, kwa njia ya wakalimani. Hatulali nyumbani kwake.

Sauti ya mwenye watumwa ipo katika Kiswahili, ila si katika riwaya. Imo katika maisha ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe mwanzoni mwa karne ya 20. Yeye alikuwa na damu ya Oman na ya bara, na anasimulia kwa utulivu wa mfanyabiashara. Pembe za ndovu anazipima kwa frasila. Watu wanapita katika kurasa zake kwa makundi. Mwanafunzi anayetaka kujua ubwana ulivyojisikia kutoka ndani atajifunza mengi kwa kuangalia ni vitu gani anavyovihesabu kwa makini na ni vipi anavyovitaja kwa jumla.

Jambo jingine ambalo wanahistoria wa misafara wamelieleza, na ambalo waandishi wa riwaya hawajalitumia ipasavyo, ni kwamba wengi walioitwa waungwana katika njia ya Bagamoyo na Tabora walikuwa wenyewe watumwa au waliowahi kuwa watumwa. Mtumwa aliyeaminiwa aliweza kuongoza msafara, kufanya biashara kwa sehemu yake, na kununua mtumwa wake mwenyewe. Bwana wa mtu alikuwa mtu wa mtu mwingine. Neno mwungwana, ambalo pwani lilimtenga huru na asiye huru, bara lilimtenga mvaa kanzu na asiyevaa. Hapo kuna Henry Townsend wetu, tena wengi.

Kutoka Ihangiro hadi Ukerewe

Njia mojawapo ya misafara hiyo iliacha Unyanyembe, Tabora ya leo, ikaelekea kaskazini hadi Karagwe, magharibi ya Bukoba. Speke alifika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, na Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta kituo cha wafanyabiashara wa pwani huko Kafuro, kilichoishi kwa pembe na watumwa. Kutoka Karagwe njia iliendelea Buganda, ambako mateka wa vita walibadilishwa kwa bunduki na nguo. Falme za Wahaya za ukanda wa ziwa, Kiziba, Kyamutwara, Kianja, Ihangiro na nyinginezo, zilikuwa kando ya njia hiyo. Hazikuwa tu mahali pa kutekwa. Zilikuwa na majumba ya wafalme, na majumba hayo yalikuwa na watu wasiojimiliki. Neno omuzana, mjakazi, halikuja na msafara wa pwani. Linapatikana pia kaskazini, kwa Waganda, na ni la zamani.

Masimulizi ya eneo hili yamehifadhiwa vizuri kuliko ya sehemu nyingi. Mapokeo ya Rugomora Mahe, yaliyofungamana na Katuruka karibu na Maruku, yalimwongoza Peter Schmidt katika utafiti wake wa akiolojia. Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa mkoa huu, aliwatafiti waimbaji wa enanga na mwaka 1983 akachapisha makala akiuliza kama wao ni watunzi wa tendi, kisha akalithibitisha jambo hilo katika tasnifu yake. Lakini kumbukumbu hukaa pale inapolishwa. Mpiga enanga alilishwa ikulu, na nasaba iliyobebwa na nyuzi zake ni ya mtawala na shujaa. Aliyeteka maji ya ikulu hakuwa na nasaba ya kuimbwa, maana kutokuwa na nasaba ndiko kulikomfanya awe alivyokuwa. Claude Meillassoux alikwenda hadi kusema kwamba mtumwa ni kinyume cha ndugu. Suzanne Miers na Igor Kopytoff, mwaka 1977, walikuwa wamesisitiza upande mwingine: kwamba katika jamii nyingi za Afrika utumwa ulikuwa mlango wa kuingizwa polepole katika ukoo. Kwa msomaji wa riwaya pande hizi mbili hazipingani sana. Mtu anayeingizwa katika ukoo anapewa mwiko wa ukoo na jina, na kwa malipo hayo anasahau, au watoto wake wanasahaulishwa, alikotoka. Usahaulifu huo ni wema na ni ukatili kwa wakati mmoja, na ni mali ya riwaya kuliko ya sosholojia.

Sasa turudi Ihangiro, sehemu ya Muleba ya leo. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wakerewe, ukoo wa Wasilanga uliotawala kisiwa cha Ukerewe ulitoka Ihangiro ukavuka ziwa. Karne kadhaa baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kijana mmoja wa ukoo huo alivuka kurudi upande ule ule. Aliitwa Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, mjukuu wa Mukama Machunda. Alisoma seminari ya Rubya, huko huko Ihangiro, kwa takriban miaka kumi, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za kigeni. Hakuwa padri. Alirudi kisiwani, akafanya kazi za ukarani na za misheni, na mwaka 1945 akakamilisha riwaya ndefu kwa Kikerewe. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa kwa tarehe ya mwaka 1980 ikiwa na jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla hajaishika nakala iliyochapwa. Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 2002.

Riwaya hii imesifiwa kwa haki. Hakuna kitabu cha Kiswahili kinachoeleza kwa upendo kama huo jinsi mume na mke wasio na mtoto wanavyokataa kutenganishwa, jinsi pombe inavyotengenezwa, jinsi mganga anavyotibu. Wakati wake ni kabla ya kuja kwa Wazungu. Na wakati huo, kama alivyoonyesha mwanahistoria Gerald Hartwig, ndio ambao biashara ya masafa marefu ya pembe ilikuwa ikileta mali kwa watawala wa Ukerewe na kubadili utumwa kisiwani, ukiwa mpana na mgumu zaidi kuliko zamani. Hartwig na mkewe Charlotte walimjua Kitereza. Walifanya utafiti huko mwishoni mwa miaka ya 1960, na ndio waliomhimiza kuitafsiri kazi yake. Katika nyumba moja, basi, kulikuwa na mtafiti aliyeandika juu ya utumwa wa Wakerewe na mzee wa ukoo wa kitawala aliyekuwa ameandika riwaya ya enzi hiyo hiyo, ambayo kiini chake ni ndoa na uzazi.

Hili halisemwi kwa kumlaumu Kitereza. Aliandika ili vijana wasipoteze lugha na desturi za wazee wao, na anayeokoa nyumba inayoungua hachagui kwanza vitu vya aibu. Tena alikuwa amepita katika shule ya wamisionari walioanzisha kituo chao Kashozi, kaskazini ya Bukoba, mwaka 1892, ambao katika vituo vyao vya mwanzo kando ya ziwa waliwakomboa watoto watumwa kwa kuwanunua. Utumwa kwao ulikuwa hoja ya kuihukumu Afrika nzima. Mwandishi aliyetaka kuonyesha kwamba Wakerewe walikuwa watu wenye adabu, sheria na mapenzi alikuwa na sababu ya kutowapa wasomaji hao silaha. Jones, aliyeandika karibu miaka 140 baada ya utumwa kufutwa nchini mwake, hakubeba mzigo huo. Hata hivyo wanafunzi wa leo nao hawaubebi, na hapo ndipo kazi ya Kitereza inapogeuka kutoka kuwa hitimisho na kuwa mwanzo.

Mtwazi na mtwarwa

Kihaya kinaweza kuisaidia riwaya hiyo isiyoandikwa kwa namna ambayo Kiswahili hakiwezi. Katika Bukoba ya zamani, kabla Muleba haijawa wilaya, kulikuwa na umiliki wa ardhi ulioitwa nyarubanja. Mukama aliweza kumpa mwanamfalme au mtu aliyempendeza eneo la ardhi pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo. Mtu aliyerithi kibanja kutoka kwa baba yake, akiwa na migomba aliyoipanda babu yake, aliamka asubuhi akiwa mpangaji. Alidaiwa mazao na kazi, na aliweza kufukuzwa. Kahawa ilipopata bei, thamani ya haki hizo ilipanda na magomvi yakapanda nayo.

Ieleweke wazi kwamba nyarubanja haikuwa utumwa. Mpangaji hakuuzwa wala hakutenganishwa na watoto wake, na anayezichanganya hali hizi mbili anawakosea waliopitia zote. Linalohusu mhadhara huu ni majina. Mpangaji wa nyarubanja aliitwa omutwarwa, mwenye kutawaliwa, neno la kutendwa lililoumbwa kwa namna ile ile ya mtumwa. Lakini Kihaya hakikuishia hapo. Aliyemtawala aliitwa omutwazi, kutoka kitenzi hicho hicho, na maneno hayo mawili yalikwenda pamoja kama pande mbili za mlango. Kumtaja mtwarwa kulikuwa ni kuuliza mtwazi wake ni nani. Kesi zilipofika mahakamani katika enzi ya Waingereza, majina hayo mawili yaliingia katika Kiswahili cha mahakama: mtwazi, mtwarwa. Wanasheria wa baada ya uhuru waliyajua vizuri, maana sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyowawezesha watwarwa kuwa wenye ardhi yao, miaka miwili tu baada ya utawala wa machifu kufutwa.

Mfasiri wa Jones atakutana na tatizo hili katika kurasa za mwanzo. Moses, alipojua kuwa aliyemnunua ni mtu mweusi kuliko yeye mwenyewe, alichukua muda kuamini, akidhani dunia imepinduka. Mfasiri akiandika kwamba Henry alikuwa bwana wake, msomaji wa Kiswahili hatashtuka hata kidogo: kila mtu ana bwana wake. Akiandika mmiliki, sentensi itanuka ofisi ya ardhi. Neno linalotakiwa ni lile linalombeba mtenda na mtendwa katika mzizi mmoja, kama Kihaya kilivyofanya, na Kiswahili kinao uwezo wa kuliunda au kuliazima. Kamusi zimekwisha kupokea ikulu, ng'atuka na maneno mengine ya bara kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Kuna ramani mbili katika The Known World. Ya kwanza ni ramani ya kale iliyotundikwa ukutani katika jela ya mkuu wa polisi Skiffington. Inaonyesha bahari na mabara, na mwenyewe anaionea fahari. Ya pili imetengenezwa na Alice, mtumwa ambaye shambani kwa Henry alidhaniwa kuwa mwenda wazimu, akizunguka usiku akiimba maneno yasiyo na maana, kumbe alikuwa akizisoma njia. Baada ya kutoroka anaifanya kwa kitambaa, rangi na udongo: shamba lote, vibanda, zizi, kisima, makaburi, na watu, wenye nyumba kubwa na wa vibandani, kila mmoja na sura yake.

Hapa nchini karatasi zinazokaribia ramani ya namna hiyo ni kumbukumbu za mashauri ya nyarubanja ya Bukoba. Ni maandishi makavu ya makarani, mengi kwa Kiswahili cha mahakama, na hakuna aliyeyaandika ili yasomwe kama fasihi. Lakini katika hukumu moja anatajwa mtwazi kwa jina lake na ukoo wake, na chini yake mtwarwa kwa jina lake, na kijiji, na mpaka wa kibanja, na maneno aliyoyasema kila mmoja aliposimama mbele ya baraza kueleza ni nani aliyempa nani ardhi ile, na nani alikuwa akiishi humo kabla haijatolewa.